Nimeokoka: Sarufi ya Ushuhuda na Utambulisho wa Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha ya mazungumzo ya ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu lililochipuka ndani ya Kanisa la Kianglikana nchini Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuenea hadi Kenya na Tanzania. Kwa kuwa wengi wa ndugu hao walibaki ndani ya makanisa yao, bila katiba wala kadi ya uanachama, hoja kuu ni kwamba mpaka wa jumuiya yao ulichorwa kwa lugha. Makala yanachambua kitenzi "-okoka", majina "mlokole" na "ndugu", salamu, na neno la Kiganda lililoachwa bila kutafsiriwa. Kisha yanahakiki mvutano baina ya kuungama hadharani na adabu ya kusitiri. Inadaiwa kwamba ushuhuda ni utanzu wa fasihi simulizi unaostahili kusomwa kwa kanuni zake wenyewe, na kwamba fomula zake, pamoja na nguvu zake za kuunganisha, zina gharama ambayo uhakiki haupaswi kuifumbia macho.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1929, jijini Kampala, Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni ya Gahini nchini Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Buganda, wakasoma Biblia na kusali pamoja. Wanahistoria wengi huanzia hapo wanaposimulia Uamsho wa Afrika Mashariki. Kutoka Gahini na Kampala vuguvugu hilo lilienea Kigezi, Burundi, Kenya ya kati, Nyanza, na ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Viktoria, ambako liliwagusa Walutheri wa Buhaya. Watu wake waliitwa kwa Kiganda "Abalokole", yaani waliookolewa; kwa Kigikuyu "Ahonoki"; na kwa Kiswahili "walokole".

Jambo la kushangaza kuhusu watu hawa ni kwamba, kwa sehemu kubwa, hawakuanzisha kanisa. Hata pale walipogombana na wakuu wao hawakuondoka. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika Chuo cha Bishop Tucker, Mukono, akiwemo William Nagenda, kwa sababu ya msimamo wao wa kiuamsho. Na bado waliofukuzwa waliendelea kujihesabu Waanglikana. Baadaye vuguvugu lililotazamwa kwa mashaka na maaskofu lilitoa maaskofu: Obadiah Kariuki nchini Kenya, Festo Kivengere na Janani Luwum nchini Uganda, na kwa upande wa Walutheri, Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani (1977–1984).

Hapo ndipo linapozuka swali la kiisimu. Jumuiya isiyo na jengo lake, isiyo na ubatizo wake wala kadi, inajitambuaje? Mwanglikana aliyeokoka na Mwanglikana asiyeokoka waliketi kwenye benchi moja, wakaimba kutoka kitabu kimoja, wakapokea meza moja. Kilichowatenganisha kilisikika kabla ya kuonekana: namna ya kusalimiana, namna ya kujitaja, na namna ya kusimulia maisha. Makala haya yanadai kwamba lugha ndiyo iliyokuwa mlango wa jumuiya hiyo na ndiyo iliyokuwa mlinzi wake. Tungo zinazotolewa kama mifano zimetungwa ili kuonyesha miundo. Si nukuu za wasemaji mahususi.

2.0 Ushuhuda kati ya Historia na Fasihi

Uamsho umeandikwa sana, lakini umeandikwa zaidi na wanahistoria na wanatheolojia, na kwa Kiingereza. Kazi ya Derek Peterson (2012) kuhusu uzalendo wa kikabila na Uamsho ni ya kupigiwa mfano: inaonyesha jinsi walokole walivyokataa nidhamu ya wazee waliotaka kujenga mataifa ya kikabila yenye heshima. Mkusanyiko uliohaririwa na Kevin Ward na Emma Wild-Wood nao umepanua picha ya vuguvugu hilo katika nchi mbalimbali. Hata hivyo, katika sehemu kubwa ya maandishi ya aina hii ushuhuda hutumika kama chanzo. Mtafiti hupita ndani ya maneno ili afike kwenye tukio: nani aliungama nini, mwaka gani, na wazee walisemaje. Maneno yenyewe, yaani umbo lake, mpangilio wake na sarufi yake, hubaki kama dirisha ambalo mtazamaji hulisahau.

Upande wa pili, uhakiki wa Kiswahili nao umelipita jambo hili. Fasihi ya kidini iliyopewa nafasi katika taaluma yetu ni hasa ile ya tenzi na kasida za pwani, na kwa haki, maana ina historia ndefu na sanaa iliyokomaa. Lakini Kiswahili cha bara cha makanisa, ambacho mamilioni ya watu wamejifunza kwacho kusema habari zao mbele ya wengine, kimechukuliwa kama lugha ya kazi tu, isiyo na fani. Katika uainishaji wa Mulokozi (1989), uliogawa fasihi simulizi katika tanzu sita, ushuhuda hauna makao ya wazi. Kwa kuwa ni usemi mbele ya hadhira inayojibu, unakaribiana na mazungumzo, mahali zilipo hotuba na soga. Kwa kuwa ni kisa cha maisha ya msimulizi, unakaribiana na masimulizi, hususan kumbukumbu. Kwa kuwa hufungwa kwa wimbo wa pamoja, unagusa ushairi. Kukosa makao huku si kasoro ya uainishaji pekee. Ni dalili kwamba kipo kitu cha kuchunguzwa.

Kielelezo cha Labov na Waletzky (1967) kuhusu masimulizi ya mtu binafsi kinasaidia kuonyesha upekee wa utanzu huu. Katika kielelezo hicho, msimulizi hutoa mwelekezo, huingia kwenye tatizo, hutathmini, hutatua, kisha humrudisha msikilizaji katika wakati wa sasa. Mvuto wa masimulizi hayo hutokana kwa kiasi na kutojua mwisho. Ushuhuda huenda kinyume. Mwisho hutangulia: msemaji husalimu, hutaja jina, na hutamka kwamba ameokoka, kabla hata hajasema alikuwa nani. Hadhira haingoji kujua litakalotokea, kwa kuwa inalijua. Inangoja kuona jinsi maisha haya mahususi yatakavyoingia katika umbo linalojulikana. Ustadi wa msemaji hupimwa hapo, katika ulinganifu wa kisa chake na visa vya wenzake. Mhakiki anayetafuta upya wa kisa ataona marudio ya kuchosha. Anayeelewa kwamba marudio ndiyo kazi yenyewe ataona jumuiya ikijiumba upya kila mtu mmoja anaposimama.

3.0 Kitenzi Kisicho na Mtenda

Kiini cha ushuhuda ni neno moja: "nimeokoka". Kisarufi, "-okoka" ni umbo la kutendeka la "-okoa", kama "-bomoka" lilivyo kwa "-bomoa" na "-ng'oka" kwa "-ng'oa". Katika Kiswahili umbo hili hueleza hali iliyompata kiima bila kumtaja aliyeisababisha. Ukuta uliobomoka umebomoka. Nani aliyeubomoa si habari ya kitenzi hicho. Ndiyo maana katika matumizi ya kawaida mtu "huokoka" ajalini au katika mafuriko: amepona, na hakuna aliyeulizwa ni nani aliyemponya.

Umbo la kutendwa, "nimeokolewa", lingekuwa na nafasi ya mtenda: "nimeokolewa na Yesu". Ukijaribu kumweka mtenda huyo katika umbo la kutendeka, maana hupotoka. "Nimeokoka na Yesu" husomeka kama kwamba wawili hao waliokoka pamoja. Kwa hiyo jumuiya ambayo mafundisho yake yote yalisisitiza kwamba mwanadamu hajiokoi ilichagua, kama neno lake kuu la kujitambulisha, kitenzi ambacho sarufi yake haimpi Mwokozi nafasi.

Mkinzano huu unaweza kupuuzwa kwa kusema kwamba wasemaji hawakuwa wanasarufi. Maelezo hayo hayatoshi. Kitenzi kilichoacha pengo kiliomba kijazwe, na kilichokijaza ni kisa. Anayesema "nimeokoka" na kunyamaza amesema jambo pungufu. Wasikilizaji wanangoja habari ya nani, wapi na kwa jinsi gani. Ushuhuda, kwa mtazamo huu, ni kirai cha mtenda kilichorefushwa hadi kikawa masimulizi. Kile ambacho umbo la kutendwa lingekimaliza kwa maneno mawili, umbo la kutendeka linamlazimu msemaji akitoe kwa maisha yake yote. Hapa sarufi ya Kiswahili imeshiriki katika kuumba utanzu.

Njeo nazo zina kazi. Ushuhuda hujengwa juu ya ngazi tatu: "nilikuwa", "nimeokoka", na "ananitunza". Kiambishi "-li-" hufunga maisha ya zamani yakawa jambo lililopita. "-Me-" hueleza tukio ambalo matokeo yake yapo. "-Na-" huonyesha uhusiano unaoendelea. Kati ya hizo, "-me-" ndiyo yenye utata wenye rutuba. Inatazama nyuma kwenye siku moja na papo hapo inadai kwamba hali hiyo ipo sasa. Je, aliyeokoka miaka thelathini iliyopita anaweza kuendelea kusema "nimeokoka" bila habari mpya? Swali hili linaonekana la kisarufi, lakini lilikuwa na uzito wa kugawa watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchini Uganda walijitokeza Abazuukufu, walioamshwa upya, wakidai kwamba waliookoka zamani wamelala na hawana budi kuamka tena. Kundi moja lilisisitiza upande wa "-me-" unaotazama tukio lililokamilika; jingine lilisisitiza upande unaodai hali hai leo. Mgogoro wao, bila shaka, ulikuwa na sababu nyingine za kijamii na kiuongozi, lakini uwanja wa mapambano ulikuwa tayari umo ndani ya kiambishi hicho.

4.0 Mlokole na Ndugu

Majina ya jumuiya hii ni ya aina mbili: yale iliyopewa na yale iliyojipa. "Mlokole" ni la kupewa. Limeingia katika Kiswahili kutoka Kiganda, ambamo "okulokola" ni kuokoa na "Omulokozi" ni Mwokozi. Kiswahili kilibadili kiambishi ngeli kikapata "m-/wa-", kisha kikazaa nomino dhahania "ulokole". Ugeni wa neno unaonekana katika mzizi wake: mahali ambapo Kiganda kina "-kula" na "-zaala", Kiswahili kina "-kua" na "-zaa"; vivyo hivyo "-lokola" ya Kiganda ina sauti ambazo "-okoa" ya Kiswahili haina. Msikilizaji wa Kiswahili husikia kitu anachokaribia kukijua lakini si chake, na umbali huo mdogo unafaa sana kwa kejeli. Mitaani "mlokole" limetumika kwa mtu anayejifanya mwema kupita wengine, na siku hizi limepanuka likawahusu Wapentekoste na yeyote anayeonyesha bidii ya dini.

Hata hivyo, jina hili la kejeli lina undani usiotarajiwa. Kiishio "-e" katika nomino za Kiswahili zitokanazo na vitenzi mara nyingi humtaja aliyetendwa: "mteule" ni aliyeteuliwa, "mtume" ni aliyetumwa, "kiumbe" ni kilichoumbwa. "Mlokole" linaingia katika mstari huohuo: ni aliyeokolewa, na kwa hiyo yupo aliyemwokoa. Kejeli ya nje, ikisomwa kisarufi, inamhifadhi Mwokozi ambaye tamko la ndani "nimeokoka" limemwacha nje ya kitenzi. Waliocheka walikuwa wakitamka, bila kujua, muhtasari sahihi zaidi wa imani ya waliochekwa.

Jina walilojipa wenyewe ni "ndugu". Kiswahili kiliwapa hapa neno lenye faida mbili. Kwanza, halibagui jinsia. Mwanamke na mwanamume ni ndugu kwa neno lilelile, tofauti na lugha zinazolazimika kutaja kaka na dada mbalimbali. Pili, ni neno la damu. Katika jamii ambazo ukoo ulimpa mtu ardhi, mke, mume na mahali pa kuzikwa, kumwita mtu wa kabila jingine "ndugu" si adabu nyepesi. Kiganda kilifanya vivyo hivyo kwa "ab'oluganda". Kibira (1974), katika kitabu chake kuhusu kanisa, ukoo na ulimwengu, alilitazama jambo hili kwa jicho la Mhaya na la mwanatheolojia pamoja: ushirika ulisimama mahali ambapo ukoo ulikuwa umesimama, ukachukua mazoea yake na kuyahukumu papo hapo.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba "ndugu" hii haikuwa peke yake. Nchini Tanzania, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, "ndugu" lilikuwa neno la siasa ya usawa, likitangulia jina la waziri na la mkulima. Maneno hayo mawili yalitamkwa sawa na yalitofautiana katika mlango wa kuingilia. Ndugu wa siasa alikuwa ndugu kwa uraia, hata kama hakusema neno. Ndugu wa Uamsho alikuwa ndugu kwa kusema. Mtu aliyeketi mkutanoni miaka mingi bila kutoa ushuhuda aliheshimiwa kama mgeni, na mgeni, hata akipendwa namna gani, si ndugu.

5.0 Salamu na Neno Lisilotafsiriwa

Salamu ya Uamsho, "Bwana asifiwe", imekwisha kuenea hata ikawa salamu ya Waprotestanti wengi. Kuenea huko kumefunika ugeni wake. Salamu za Kiswahili hupanga watu. "Shikamoo" humtaka mdogo aanze na mkubwa apokee. Salamu nyingine huulizia hali ya mtu, nyumba na kazi. "Bwana asifiwe" haiulizi hali wala haipangi umri. Kisarufi ni dhamira tegemezi katika kauli ya kutendwa, isiyo na mtenda: ni nani atakayesifu hakusemwi. Msemaji na msikilizaji wote wanatoka katikati ya sentensi, na kiima anabaki mmoja tu. Ndiyo maana kijana angeweza kumwanza mzee, na mke kumwanza mume, bila kuvunja mpangilio wa salamu: ulikuwa umewekwa kando.

Kulinganisha na "Tumsifu Yesu Kristo" ya Wakatoliki kunaonyesha tofauti iliyo ndogo kwa sauti na kubwa kwa muundo. Ya Kikatoliki ina "tu-", wito wa wengi kwa kitendo cha pamoja, na jibu lake maalumu huthibitisha kwamba anayejibu analijua. Zote mbili ni vitambulisho: salamu ya kwanza ya mtu dukani au stendi hutosha kuonyesha anakoabudu. Lakini salamu ya Uamsho, kabla ya kuenea, ilikuwa na kazi ya ziada. Ilitenganisha Mwanglikana na Mwanglikana. Ilipochukuliwa na wote ikapoteza kazi hiyo, na ndugu wakabaki na alama nyingine.

Alama hiyo ni "Tukutendereza". Wimbo wenye neno hilo la Kiganda, ambao beti zake huimbwa katika lugha nyingi, ulifungia ushuhuda katika mikutano ya nchi zote za Uamsho. Na neno lenyewe halikutafsiriwa. Kwa jumuiya iliyotafsiri kila kitu, na ambayo mikutano yake mikubwa iliendeshwa na msemaji na mkalimani wakisimama bega kwa bega, kuliacha neno moja bila tafsiri hakuwezi kuwa uvivu.

Maelezo ya kiisimu yapo. Mzungumzaji wa Kiswahili husikia "tu-ku-" akaelewa mara moja kwamba wengi wanamwelekea mmoja. Kiambishi cha njeo hakikuonekana, na mzizi unampotosha, maana "-tenda" ya Kiswahili ni kufanya ilhali "-tenda" ya Kiganda ni kusifu. Neno kwa hiyo limefunguka nusu: watendaji na mtendewa wanajulikana, kitendo hakijulikani mpaka mtu aelezwe. Anayeelezwa huelezwa na ndugu, na kuelezwa huko ni hatua ya kuingia. Lingetafsiriwa kwa Kiswahili lingekuwa wazi kwa kila mtu na lisingekuwa la mtu. Kwa kuachwa katika Kiganda lilikuwa la Mgikuyu, Mjaluo, Mhaya na Mnyarwanda kwa usawa: si la kabila la yeyote miongoni mwao. Inapasa kuongezwa, hata hivyo, kwamba lilikuwa la Waganda, na kwamba kipaumbele cha Buganda katika historia ya vuguvugu kilisafiri ndani ya wimbo huo.

Kwingineko alama kama hizi ziligawa badala ya kuunganisha. Katika Nyanza walikuwepo "Joremo", watu wa damu, na "Johera", watu wa upendo. Majina yote mawili ya Kijaluo yametoka katika msamiati wa injili ileile, na hakuna kundi ambalo lingekana neno la mwenzake. Lakini kusisitiza neno moja kulitosha kuwa bendera, na mwaka 1957 Johera wakiongozwa na Matthew Ajuoga walijitenga na kuunda kanisa lao. Hapa utaratibu wa kawaida wa Uamsho, wa kubaki ndani, ulishindwa. Na kilichotangulia kupasuka kilikuwa msamiati.

6.0 Nuru na Sitara

Ushuhuda haukuwa habari njema pekee. "Kutembea nuruni" kulimaanisha kusema wazi, mbele ya wenzako, ulichoiba, uliyemchukia, uliyelala naye. Jambo hili liligonga adabu ambayo lugha yenyewe inaihifadhi. "Aibu ya maiti aijuaye mwosha", na mwosha hasemi; "siri ya mtungi aijuaye kata". Heshima ya mtu na ya nyumba yake hutegemea sitara. Wazee walioshtuka waliposikia wake zao wakitaja mbele ya watu mambo ya chumbani hawakuwa wanapinga wokovu. Walikuwa wanatetea nadharia nzima ya lugha, inayosema kwamba neno lina mahali pake na si kila ukweli una haki ya kutamkwa. Lakini hazina hiyohiyo ya methali ina sauti ya pili: "Mficha maradhi kilio humfichua." Uamsho haukuja na jambo geni kabisa. Ulichukua upande mmoja wa mjadala wa zamani na kuufanya sheria.

Uzito wa sheria hiyo ulionekana nchini Kenya wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Kiapo na ushuhuda vilikutana uso kwa uso. Vyote ni vitendo vya usemi kwa maana ya Austin (1962): kutamka ni kutenda, na aliyetamka si yuleyule tena. Vyote vilisema habari za damu, vyote viliumba undugu. Kimoja kilifanywa gizani na kumfunga mtu kutosema. Kingine kilifanywa mchana na kumfunga mtu kusema. Ndugu waliokataa kiapo, na baadhi yao wakauawa kwa kukataa, walikataa siasa, lakini walikataa pia aina ya lugha. Na wapiganaji waliowashuku hawakukosea kuona kwamba mtu aliyeapa mbele ya Mungu kutoficha lolote ni hatari kwa jumuiya inayoishi kwa siri.

Fasihi imeliona jambo hili mapema kuliko uhakiki. Katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, A Grain of Wheat (1967), yumo mchungaji Jackson Kigondu, mtu wa Uamsho anayeuawa wakati wa vita. Na yumo Mugo, ambaye siku ya sherehe ya Uhuru anasimama mbele ya umma na kukiri kwamba ndiye aliyemsaliti Kihika. Wahakiki wengi wamelisoma tendo la Mugo kama kilele cha kisiasa na kisaikolojia. Likisomwa kando ya ushuhuda, linaonekana kama ungamo lililonyimwa utanzu wake. Mugo ana "nilikuwa", tena ya kutisha, lakini hana "nimeokoka" wala "ananitunza". Muhimu zaidi, hana hadhira inayojua la kujibu. Katika ushirika, aliyeungama hupokewa kwa wimbo. Kwa Mugo umati unampisha kimya, na anayefuata ni hukumu. Riwaya inaonyesha kwamba ukweli uliosemwa hadharani hauponyi kwa kuwa ni ukweli. Huponya pale tu panapokuwapo watu waliokubaliana jinsi ya kuupokea.

Hapo ndipo pia gharama ya fomula inapodhihirika. Umbo linalompokea mwizi na mzinzi halimpokei kwa urahisi asiye na kisa. Swali "umeokoka lini?" linadai tarehe. Mtu aliyelelewa katika imani, ambaye hawezi kutaja siku moja iliyokata maisha yake mara mbili, hana la kuweka chini ya "nilikuwa". Atanyamaza na kubaki mgeni, au atalikuza kosa dogo mpaka lifae masimulizi. Mtu asipoweza kusimulia habari yake kwa umbo lake yenyewe, undugu uliojengwa juu ya ukweli unamfundisha, kwa nia njema, kutunga.

7.0 Ushirika Usio na Chumba

Leo mazungumzo ya ndugu, kama ya Wakristo wengine wa eneo hili, yanaendelea pia katika makundi ya simu. Salamu ni ileile, "amina" zimepangwa moja chini ya nyingine, na ushuhuda hutumwa kwa maandishi au kwa sauti. Ni rahisi kusema kwamba kilichobadilika ni chombo tu. Uchambuzi uliotangulia unaonyesha vinginevyo, kwa mambo mawili.

La kwanza ni pokezi. Wimbo uliofunga ushuhuda uliimbwa na wote kwa wakati mmoja, na aliyeungama alisikia sauti ya pamoja ikimpokea. "Amina" zinazofika moja moja, kwa dakika na saa, zinahesabika; na kinachohesabika hulinganishwa. Aliyepata chache anajua amepata chache. La pili ni kumbukumbu. Neno lililotamkwa katika ushirika lilibebwa na waliokuwepo na lilikufa nao. Neno lililoandikwa hubaki, hunakiliwa na kupelekwa mahali ambapo hakuna aliyekubali kulipokea. Nuru ya ushirika ilikuwa na kuta, hii haina. Si ajabu, kwa hiyo, kama ungamo litapungua katika makundi hayo na shukrani ikaongezeka, mpaka "nilikuwa" ikafifia na kuacha "ananitunza" peke yake. Hilo likitokea, ushuhuda utakuwa umegeuka utanzu mwingine kwa jina lilelile, na adabu ya sitara itakuwa imerudi kwa mlango wa nyuma.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba utambulisho wa ndugu wa Uamsho ulikaa katika miundo ya lugha: kitenzi kilichoacha pengo la mtenda na kuzaa masimulizi, njeo iliyobeba mgogoro wa wokovu wa jana na wa leo, jina la kejeli lililohifadhi imani, salamu iliyoweka kando daraja za umri, na neno la kigeni lililokuwa la wote kwa kuwa halikuwa la wengi wao. Yamedai pia kwamba umbo hilohilo liliwafungia nje waliokosa kisa cha kulijaza.

Kwa taaluma ya fasihi simulizi, matokeo yake ni kwamba ushuhuda unahitaji kukusanywa na kuchambuliwa katika Kiswahili na lugha jirani, pamoja na majibu ya hadhira, nyimbo na ukalimani wake, badala ya kunukuliwa vipande kama ushahidi wa jambo jingine. Kazi hiyo ina haraka. Wazee waliosimama kushuhudia katika mikutano ya miaka ya 1940 na 1950 wanatoweka, na walichokisema hakikuandikwa kwa sababu kilikusudiwa kusikika. Atakayeandika historia yao bila kusikiliza sarufi yao atajua waliungama nini. Hatajua kwa nini, walipokwisha kuungama, wenzao walisimama na kuimba.